Mama wa Wali na Vazi la Mwanawe

Kutoka Ngenge hadi mlangoni kwa Mama wa Wali nilipanda karibu kila kitu chenye magurudumu. Pikipiki ilinitoa nyumbani, begi likiwa mapajani. Basi dogo likanifikisha Muleba, jingine Bukoba, ambako nililala kwa rafiki yangu wa mtaa wa Bakoba aliyeniapia kwamba huko niendako watu wanakula nyoka. Kesho yake nilivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, nikapita Kampala bila kuiona, nikapanda ndege Entebbe. Kulikuwa na uwanja mmoja katikati ya jangwa ambako nilikaa kutwa nikiwatazama watu wakijipulizia manukato bila kununua. Kisha Bangkok. Kisha basi refu lenye baridi kali kuelekea kaskazini mashariki, mpunga kulia na mpunga kushoto, mpaka barabara ikaishia kwenye mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa. Huo ndio Mekong. Ng'ambo ilikuwa nchi nyingine, Laos. Upande huu ulikuwa mji mdogo wa Thailand ambamo nilidhani nitakaa mpaka mzigo niliotumwa kuukagua uishe. Niliishi humo miaka.

Niliposhuka, miguu imevimba, kitu cha kwanza nilichokitambua kilikuwa harufu. Jani la mgomba linapopashwa moto lina harufu yake, na mtu aliyekulia kibanjani, kati ya migomba, hawezi kuikosea hata akiwa usingizini. Niliacha kutafuta anwani niliyopewa, nikafuata pua. Nikamkuta bibi mmoja amechuchumaa kando ya jiko la mkaa, anapitisha majani juu ya moto moja moja ili yalegee kabla ya kufungia chakula. Mama yangu hufanya hivyo hivyo. Nilichuchumaa nami, nikachukua jani, nikalipitisha, nikaligeuza kabla halijaungua. Yule bibi hakunitazama usoni. Alinitazama mikono. Kisha akanisogezea rundo zima la majani, akaenda kuangalia wali wake.

Jioni yake msimamizi wa kazi yangu alinizungusha kutafuta chumba, akanirudisha kwa yule yule. Ndiye aliyekuwa na chumba kitupu, chumba cha mwanawe.

Kazi iliyonipeleka huko ilikuwa mabondo. Nilikuwa nimezunguka kambi za wavuvi kwenye visiwa vya Muleba tangu nimalize kidato cha nne, nikinunua na kukausha vile vibofu vya ndani ya sangara ambavyo sisi tulikuwa tukivitupa na watu wa mashariki wanavithamini kuliko samaki mwenyewe. Mnunuzi mmoja alikuwa na ghala kwenye mji ule wa mtoni, na alitaka mtu awezaye kulishika bondo akajua kama limekauka kwa jua au limeharakishwa kwa moto. Basi.

Jina lake bibi yule nililijua, lilikuwa refu na zuri, lakini sikulitumia hata siku moja. Sokoni kila mwanamke aliitwa kwa bidhaa yake. Kulikuwa na Mama wa Samaki, kulikuwa na Mama wa Pilipili, na yeye alikuwa Mama wa Wali. Wali wenyewe ni ule wa kunata, unaopikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mwanzi chenye umbo la pia, na unaliwa kwa mkono, kwa kumega na kuviringisha tonge. Sisi watu wa ebitoke, wala ndizi, tunaambiwa hatujui wali. Ule niliujua siku ya kwanza.

Soko lilianza giza bado halijatoka vizuri, likaisha jua likianza kuuma. Wauzaji waliketi chini juu ya mikeka: mboga za porini zilizofungwa kwa nyasi, vyura waliofungwa miguu, samaki wa mtoni wakirukaruka kwenye beseni. Na panzi wa kukaanga. Nilipowaona wale panzi kwenye sinia, wamekaangwa kwa chumvi, wanang'aa, niliingiza mkono nikala kabla ya kuuliza bei. Mama wa Wali akaita wenzake waje waone Mwafrika anakula panzi bila kulazimishwa. Nilijaribu kuwaeleza, kwa maneno machache niliyokuwa nayo, kwamba kwetu Bukoba senene wakianguka hata mkubwa wa ofisi anatoka nje na ndoo. Hawakuniamini. Tangu siku hiyo niliheshimika pale sokoni kuliko ghalani.

Lakini mambo yote yalianzia barabarani, kabla ya soko. Kila asubuhi watawa wa hekalu walitoka kwa mstari mmoja, peku, kimya, kila mmoja na bakuli lake. Watu walipiga magoti ukingoni mwa barabara na kuweka tonge la wali katika kila bakuli. Hakuna salamu. Hakuna asante, maana anayepata faida ni yule anayetoa: anajiwekea thawabu. Mwanamke hamgusi mtawa, hata kwa bahati mbaya, hata kama ni mtoto wake.

Mara ya kwanza Mama wa Wali aliponichukua, nilivua viatu kama alivyovua, nikapiga magoti kama alivyopiga. Nikaona mstari wa watu waliovaa majoho unakuja polepole, kila mtu ameinamisha kichwa. Mimi nimetumikia misa tangu nikiwa mdogo. Mwili wangu uliona padri, ukaona kimya, ukafanya ulichofundishwa: nilikinga viganja viwili, nikasubiri kupewa. Mtawa wa kwanza alisimama mbele yangu. Akasimama. Mstari wote ukasimama nyuma yake, mpaka tukasikia mbwa akijikuna. Mama wa Wali alinisukumia kikapu kifuani na kuninong'oneza kwa ukali kwamba mimi ndiye ninayetoa. Tulipoinuka, Mama wa Pilipili alikuwa anacheka huku amejiziba mdomo kwa kanga yake ya huko, akasema Mwafrika amekuja kuwaomba waombaji.

Mama wa Wali hakucheka. Alinieleza, polepole na kwa sauti kubwa, kama vile ukiziwi ndio ulionizuia kuelewa: "Mwanangu, mkono uliofunguka kupokea unachoka haraka. Uliofunguka kutoa, wenye njaa ndio wanaoubeba."

Alikuwa na semi nyingi za namna hiyo, na nyingine nadhani alizitunga hapo hapo. "Mchele haujui haraka." "Mdomo unaouza usiwe mdomo unaokula." Hii ya pili aliitumia kwa Mama wa Pilipili, ambaye alikuwa akilamba bidhaa yake siku nzima.

Mtu anayesikia hivi atadhani nilipanga kwa mtakatifu. Hapana. Alikuwa mchezaji wa bahati nasibu wa kupindukia. Jioni niliyofika, kabla hata sijaweka begi chini, aliniuliza umri wangu, nikafikiri ni adabu ya kule. Kumbe alikuwa anatafuta namba ya kuchezea. Namba ilipokosa alikuja kusimama mlangoni kwangu na kuniuliza kama nilikuwa na hakika na umri wangu. Alisoma namba kwenye magome ya miti, kwenye ndoto za majirani, na kwenye gari la mkuu wa hekalu. Mkuu mwenyewe alikuwa akimkemea, naye akisikiliza kwa unyenyekevu huku macho yake yakiwa kwenye namba ya gari.

Siku za ibada, ambazo hufuata mwezi, hakuua hata mbu. Alimpuliza. Siku nyingine zote alinunua panzi waliokaangwa akala, akisema yeye hakuwaua, amewakuta katika hali hiyo. Siku moja ya ibada, bila kujua ni siku gani, nilimletea zawadi: samaki wawili wazuri wa mtoni, wazima, kwenye mfuko wenye maji. Mimi ni mtu wa kambi za uvuvi, samaki mzima ndiyo heshima. Alinishukuru sana, akabeba mfuko, nikamfuata nikidhani tunakwenda kwenye jiko la nyuma. Tulishuka mpaka mtoni. Alinong'ona maneno fulani, akamimina mfuko, na chakula changu cha jioni kikaondoka kwa mikia miwili. Nilibaki nimesimama pale. Nikimwambia mvuvi yeyote wa Muleba kwamba nimeona watu wananunua samaki sokoni ili wakawarudishe majini, ataniuliza nilikuwa nakunywa nini. Mama wa Wali aliuona uso wangu, akanipikia yai.

Uani kwake kulikuwa na kinyumba kidogo juu ya nguzo, cha mizimu inayolinda kiwanja, na kila asubuhi aliweka hapo chupa ya soda nyekundu yenye mrija. Siku moja ya joto kali nilirudi kutoka ghalani, nikaona soda imefunguliwa, haina mwenyewe, nikanywa. Aliponikuta na chupa mkononi hakunigombeza. Alileta nyingine, akaiweka, akawaambia mizimu kwa sauti ya kawaida kama anavyosema na majirani: "Ni mgeni, hajui." Nilijisikia nyumbani kabisa. Babu yangu, rozari shingoni, alikuwa akimwaga lubisi, pombe yetu ya ndizi, kidogo chini kabla ya kunywa. Padri akitokea, alisema mkono umetetemeka.

Ukaribu huo ndio uliofanya nimwambie mengi, na yeye aniambie jambo lake.

Jambo lake lilikuwa moja tu. Kule, mwanamume anapofikia ujana huingia hekaluni kwa muda, wengine siku chache, wengine msimu mzima wa mvua. Anavaa vazi la manjano, kisha anatoka na kuendelea na maisha. Hafanyi hivyo kwa ajili yake. Anamfanyia mama yake. Mama yake akifa, wanasema, hupanda kwenda mahali pema akiwa ameshika ncha ya vazi la mwanawe. Wanawake wote wa rika lake pale sokoni walikuwa na picha ukutani ya mtoto wao amenyolewa, ameketi na vazi. Ukutani kwa Mama wa Wali palikuwa na picha ya mwanawe amevaa kofia ngumu ya kiwandani.

Mwanawe huyo, wa pekee, alikuwa Taiwan. Alikwenda akiwa kijana, mkataba ukazaa mkataba. Kila mwaka kabla ya mvua alipiga simu, na kila mwaka alisema mwakani. Hakuwa mtoto mbaya. Alimnunulia mama yake friji, akamnunulia televisheni. Mama wa Wali alipanga mboga kwenye friji na kusema ni baridi nzuri sana. Mama wa Pilipili, ambaye wanawe watatu wote walishavaa, hakuwa na huruma. "Wenzako tutapanda kwa vazi," alimwambia siku moja mbele ya wateja. "Wewe utashika nini? Ile kofia?"

Soko zima lilicheka. Naye alicheka, akaendelea kufunga wali. Lakini nilikuwa nimeketi karibu naye, na nikaona anafunga jani lisilo na kitu ndani.

Mwaka ule macho yake yalianza kufifia. Alimega matonge kwa kupapasa, na barabarani ilibidi nimwambie mtawa amefika. Simu ya kabla ya mvua ilikuja, mwanawe akasema mwakani, naye akamjibu vizuri, wakaagana. Kisha akanikuta uani nikifua nguo. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akasema kwamba amekula na mimi, ameugua nami nikiwepo, nimelala kitanda cha mwanawe mpaka godoro limechukua umbo langu. Akaniuliza kama ningeweza kumvalia.

Nilimwambia mimi ni Mkatoliki. Akasema anajua, ameniona nikifanya ishara yangu kabla ya kula, na haijamharibia wali. Nikasema mimi si mwanawe. Akauliza kama hekaluni kuna mtu atakayepima damu.

Nilikwenda kwa mkuu wa hekalu nikitumaini atakataa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye redio ndogo. Alinisikiliza, akasema nisitamke neno lolote nisiloweza kulitamka kwa moyo, na kwamba nikifika katikati nikaona siwezi, ninyamaze tu, hakuna atakayenikamata. Akasema kuna maswali ambayo kila anayeingia huulizwa mbele ya watawa wote. Moja ni kama wewe ni binadamu. Nikasema hilo naliweza. Jingine ni kama wazazi wako wameruhusu.

Hapo nilikwama. Baba yangu alishafariki. Mama alikuwa Ngenge, mwanachama wa jumuiya ndogondogo, mpambaji wa altare.

Nilimpigia. Kule kwetu ilikuwa asubuhi, nilisikia kuku na mtu anayekata kuni. Nilimweleza kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili pale Kihaya kilipokosa maneno, kwamba huku kuna mama mzee anataka ninyoe nywele nikae na watawa wao siku chache kwa ajili yake, na kwamba bila ruhusa yake yeye, mama yangu, haiwezekani.

"Huyo mama hana mtoto?" aliuliza.

"Anaye, Mama. Yuko mbali."

"Kama wangu," alisema.

Kuni ziliendelea kukatwa.

"Ulibatizwa, jina lako liko parokiani, halifutiki kwa wembe. Nywele huota. Lakini usiape uongo, waitu mwanangu, wala kwa Mungu wetu wala kwa wa kwao." Kisha, kama mtu anayekumbuka kitu jikoni: "Na kama unaweza kunyoa kwa ajili ya mama wa watu, basi unaweza kupanda ndege kwa ajili yangu. Mwambie nimekuruhusu. Mwambie nami namsalimu."

Nilimwambia Mama wa Wali salamu hizo, akaziinamia, viganja pamoja, kana kwamba mama yangu ameingia uani.

Basi matayarisho yakaanza. Kila jioni nilikwenda hekaluni kujifunza maneno ya zamani nisiyoyaelewa, na mkuu wa hekalu akanieleza kila moja maana yake ili nisidanganye. Mama wa Wali alinunua vazi, bakuli, mwavuli, kandambili. Aliniambia nivae nguo nyeupe za mtu anayekaribia kuingia, nisimame kwenye mlango wa nyumba, akamwita jirani mwenye simu nzuri anipige picha. Nilidhani anataka ya ukutani.

Siku moja kabla ya sherehe watu hukusanyika kumnyoa anayeingia. Waliniketisha kwenye kiti uani. Mama wa Wali ndiye aliyekata nywele za kwanza, kwa mkasi, akipapasa ili asinikate sikio, na akaziweka kwenye jani pana la yungiyungi. Wakafuata wazee, wakafuata wauza soko. Mama wa Pilipili alisema nywele zangu zimekaza kama tabia yangu. Kisha kinyozi akaanza na wembe. Kule hunyolewa mpaka nyusi. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa, na nyusi ya kushoto, anapangusa wembe, pikipiki ya abiria ilipoingia uani.

Aliyeshuka nilimtambua kwa picha, ingawa hakuwa na kofia. Alikuwa mnene kidogo, amechoka, koti la baridi mkononi katika joto lile. Alinitazama: Mwafrika, nusu kichwa, nguo nyeupe, kwenye kiti, uani kwa mama yake.

"Huyu nani?" aliuliza.

Mama wa Wali hakuinuka. Hata hakugeuka upande wa sauti. "Huyu ndiye anayevaa kesho," alisema. "Wewe umekula?"

Mwanawe aliweka begi chini. Akatazama jani lenye nywele zangu, akatazama mikono ya mama yake iliyokuwa bado imeshika mkasi. Kisha akaja mpaka kwenye kiti, akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba anaomba nimpishe.

Nikampisha.

Ikazuka shida ndogo: mimi nilikuwa nimenyolewa nusu. Wengine walisema niachwe hivyo hivyo, zitaota. Kinyozi alisema kazi yake haitaonekana mtaani katika hali ile. Mkuu wa hekalu, aliyekuwa ameketi kivulini, alicheka mpaka redio ikaanguka, akaamuru nimaliziwe ili nisitembee na nyuso mbili. Hivyo nilinyolewa nywele zote na nyusi zote, nikabaki bila utawa.

Nilimuuliza Mama wa Wali baadaye, tukiwa tunafunga wali wa sherehe, mwanawe alijuaje. Hakuona haya. Alikuwa ametuma ile picha Taiwan, kwa simu ya jirani, na maneno mafupi: usijisumbue tena na likizo, nimepata mtu. Nilimkumbuka sokoni, kifungu cha mwisho cha wali kikikataa kununuliwa, alivyokuwa akikiweka pembeni na kusema hicho ni cha mwalimu. Hakukuwa na mwalimu. Mteja wa kwanza aliyesikia alikuwa anakitaka yeye.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa mwalimu," nilisema.

Alipapasa akanipiga kidogo begani.

"Na kama asingekuja?"

Alimega tonge. Alipojibu hakuwa anatania. "Ningekushika wewe," alisema. "Vazi ni vazi. Mama yako alisharuhusu."

Kesho yake tulimsindikiza mwanawe kwa ngoma, mimi nikimshikia mwavuli, upara wangu ukiungua kwa jua. Mama wa Wali alibeba vazi kwa mikono miwili mbele yetu, na ingawa macho hayakuona vizuri, hakujikwaa. Mbele ya watawa wote mwanawe aliulizwa kama yeye ni binadamu, akasema ndiyo. Akaulizwa kama wazazi wameruhusu. Akageuka kumtazama mama yake kabla ya kujibu, jambo ambalo nasikia halifanyiki, na hakuna aliyemkemea.

Mimi nilikata tiketi. Chumba kilikuwa na mwenyewe, ghala lilikuwa limeanza kupunguza watu, na kulikuwa na sauti ya kuni zinazokatwa ambayo haikunitoka masikioni. Sasa niko Bilele, mjini Bukoba, nimepanga chumba, kila wiki napanda Ngenge kumwona mama, na kila nikirudi nahisi kuwa bado sijafika. Hivyo ndivyo nilivyo. Nikiona basi lenye vumbi la mbali miguu inaniwasha.

Asubuhi niliyoondoka kabisa, begi langu lilikuwa tayari ukingoni mwa barabara. Tulipiga magoti pamoja mara ya mwisho, mimi na Mama wa Wali. Watawa wakaja kwa mstari wao. Mwanawe alikuwa wa mwisho, kwa kuwa aliyeingia karibuni hukaa nyuma. Nilimgusa mama yake mkono kumjulisha kwamba ndiye huyu. Aliinua tonge, akalishika juu ya bakuli, na mkono ukabaki hapo hewani. Mtawa akasubiri. Hakusema kitu, haruhusiwi, na macho yake yalikuwa chini. Mwisho tonge likaanguka, naye akaondoka nyuma ya wenzake.

"Umemwona?" aliniuliza.

"Nimemwona."

"Amekonda."

Nilimwambia ni siku chache tu, Mama, hajakonda.

"Amekonda," alisema. "Wanakula mara moja, na baada ya adhuhuri hawagusi kitu. Miaka yote hii nimetaka aingie humo. Ameingia, na siwezi hata kumwambia ale."

Basi lilikuwa limesimama, kondakta ameshika begi langu. Mama wa Wali alipapasa ndani ya kikapu, akakusanya wali wote uliobaki, akauviringisha tonge moja kubwa kuliko ngumi, akanishika kifundo cha mkono na kunitia tonge kiganjani.

"Wewe bado nakuweza," alisema. "Kula, nione."

Kondakta alipiga mlango mara mbili. Nikala nimesimama pale pale barabarani, mpaka likaisha, naye akiwa amenishika mkono, akisikiliza nikitafuna.